Bundi Hana Habari za Kifo Chako

Masomo: Mathayo 6:26, Luka 12:6 na 24, Kumbukumbu la Torati 18:10–12



Wengi wetu tukisoma Mathayo 6:26 tunakimbilia mwisho wa mstari. Tunataka ile ahadi kwamba Baba anayelisha ndege hawezi kutusahau sisi. Ni ahadi nzuri, na ninaiamini kwa moyo wangu wote. Lakini kwa haraka yetu tunaruka neno la kwanza kabisa, na neno hilo ni amri. Kabla Yesu hajaahidi chochote, aliwaagiza wanafunzi wake wawaangalie ndege. Neno la Kigiriki lililotumika pale si la kutupa jicho halafu ukaendelea na shughuli zako. Ni kukaza macho, kutazama mpaka ukaona.

Sasa hebu nikuulize, mpendwa. Umewahi kuitii amri hiyo? Tunafunga, tunatoa, tunakesha. Lakini ni lini uliposimama dakika kumi ukamwangalia ndege mmoja kwa sababu Bwana wako alisema uangalie?

Ujumbe wangu wa leo ni mmoja tu. Mtu aliyejifunza kuangalia vizuri ni vigumu kumtisha, na ni vigumu zaidi kumfanya amsingizie jirani yake.

1. KUANGALIA NI KAZI ALIYOTUPA MUNGU

Kazi ya kwanza ya akili aliyopewa mwanadamu iko Mwanzo 2:19. Mungu aliwaleta wanyama na ndege mbele ya Adamu ili aone atawaitaje. Huwezi kumpa mnyama jina kama hujamtazama. Ukienda 1 Wafalme 4:33 unamkuta Sulemani, mfalme mwenye mambo mengi ya serikali, na bado anazungumza habari za miti, wanyama, ndege, wadudu na samaki. Ukisoma Walawi 11, ule mlango ambao wengi tunauruka, utakuta ndege wapata ishirini wametajwa kila mmoja kwa jina lake: tai, mwewe, kunguru, bundi, mpaka hudihudi. Israeli walitakiwa kuwajua mmoja mmoja. Haikutosha kusema tu, "Ni ndege yule."

Katika kanisa letu tuna kijana ambaye hobi yake ni kupiga picha ndege wa porini na kutambua majina yao. Alinunua kamera ya mkono wa pili kwa akiba ya miaka miwili, na lenzi ndefu akaazima kwanza. Baba yake alikuwa akimwambia, "Kamera haileti unga." Wengine waliniuliza ofisini kama si anasa ya dunia. Nikaamua kuandamana naye asubuhi moja mpaka Mida, pale penye mikoko.

Nataka mjue jinsi anavyofanya, kwa sababu ndani yake mna somo. Akiona ndege hakimbilii kitabu, wala hasemi jina. Kwanza anatazama. Ukubwa wake: ni kama shomoro, kama njiwa, au kama kuku? Mdomo: ni mfupi wa kuvunja mbegu, au mrefu wa kuchokora matope? Miguu ina rangi gani? Anatembea au anaruka-ruka? Yuko juu ya mti, chini, au majini? Analia vipi? Ndipo anapiga picha, na akirudi nyumbani anaikuza, anaangalia jicho, anaangalia bawa, analinganisha na kitabu. Siku nyingine anabaki na picha isiyo na jina wiki nzima, akiendelea kuchunguza. Nikamuuliza, "Kwa nini usiandike tu jina linalokaribia?" Akanijibu, "Mchungaji, nikiandika jina la uongo, nimemsingizia huyo ndege."

Jamani, hilo neno lilinikaa.

Chukua mfano wa kunguru, maana kila mtu hapa Pwani anamjua. Ukimwona kwa mbali utasema kunguru ni kunguru. Lakini sogea. Yule wa asili yetu ana kifua cheupe, kama mtu aliyevaa shati safi chini ya koti jeusi. Yule mwingine ana shingo ya kijivu na hana weupe wowote. Huyo ni kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Ndiye anayekwapua vifaranga vyenu na kupora viota vya ndege wadogo. Asiyeangalia atampiga mawe yule wa kifua cheupe kwa makosa ya mwenzake. Kwa mbali kunguru wote ni weusi, na kwa mbali kila mzee aliyejikunyata peke yake ni mchawi. Umbali ndio unaozaa hukumu mbaya.

2. KILICHOKUWA KWENYE DARI

Nitawaeleza jambo lililotokea katika kanisa moja la tawi. Sitataja mahali wala mtu, maana wahusika bado wako hai na ni ndugu zetu.

Nyuma ya madhabahu ya kanisa lile kuna stoo ndogo ya kuwekea viti na vyombo. Kwa wiki kadhaa, kila walipofanya kesha, watu walisikia sauti kwenye dari. Ilikuwa kama mtu anayekoroma, au kama nyoka anayepuliza kwa nguvu. Wakikemea, inanyamaza kidogo. Wakiendelea kuimba, inaanza tena. Kisha usiku mmoja mlinzi akaona kitu cheupe kikitoka chini ya mabati bila kutoa mlio wa mabawa hata kidogo. Kesho yake habari ilikuwa imefika kila nyumba.

Karibu na kanisa anaishi nyanya mmoja, mjane, ambaye kwa hiari yake hufagia stoo ile kila alfajiri. Vijana walipoingia kukagua walikuta sakafuni vitu vidogo vya mviringo, vyeusi-vyeusi, vimeshikana kama vimesokotwa kwa mkono, ndani yake mna nywele na mifupa. Wakatoka mbio. "Hirizi!" Wiki hiyo hiyo mtoto wa mmoja wa waumini akashikwa na homa kali usiku, akaanza kuweweseka. Basi, hesabu ikafungwa. Mnyama mweupe wa usiku, hirizi stoo, mtoto mgonjwa, na nyanya anayeingia humo gizani peke yake kila siku.

Wapendwa, sihitaji kuwaeleza hesabu ya namna hiyo huishia wapi. Tunaoishi kaunti hii ya Kilifi tumezika wazee waliouawa kwa sababu ya neno hilo moja, mchawi. Tumewaona wengine wamekimbia mashamba yao, wamejificha kwa watu. Nyanya huyu alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye leso. Wanawe wawili wa kiume walikuwa wamemshauri aondoke kabla ya Jumapili.

Nilipigiwa simu Alhamisi usiku. Nikamwambia mzee wa kanisa, "Asiguswe mtu. Asilale peke yake. Mama wa kwaya wawili walale naye, na asubuhi ninakuja." Kabla ya jua kuchomoza nilikuwa juu ya bodaboda, na yule kijana wa kamera alikuwa nyuma yangu.

Tulipofika, kijana hakukemea wala hakupiga kelele. Alisikiliza. Akaomba ngazi. Akafungua kibao kimoja cha dari pole pole, akakaa mbali mlangoni, akapiga picha chache kwa lenzi ndefu bila kuwasha taa ya kamera. Akarekodi sauti kwa simu. Kisha akakifunga kibao kama kilivyokuwa, akashuka, na akatabasamu.

Jumapili ile sikuhubiri kwanza. Niliomba watu wakae, nikampa kijana nafasi. Alipitisha picha kwenye simu tatu, safu kwa safu, mpaka nyuma. Makinda manne ya bundi, yamefunikwa na manyoya laini meupe kama pamba, na mama yao kando yao, uso wake mweupe umechorwa kama umbo la moyo. Akacheza ile sauti aliyorekodi. Kanisa zima likashtuka, maana ndiyo ile ile ya kwenye kesha. Akasema, "Hao ni watoto wana njaa. Bundi wa aina hii watoto wake hukoroma hivyo wakiomba chakula."

Kisha akatandaza karatasi nyeupe juu ya meza, akaweka moja ya zile "hirizi", na akaifumua kwa kijiti cha kuchokolea meno. Bundi humeza panya mzima, akaeleza. Nyama inayeyuka tumboni, lakini manyoya na mifupa haviyeyuki, kwa hiyo anavisokota tumboni na kuvitapika vikiwa vimeshikana. Kutoka ndani ya kile kidonge kimoja akatoa mafuvu matatu ya panya, na kuyapanga mstari mmoja. Mama mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana mahindi ya sadaka hayajaliwa mwaka huu!" Watu wakacheka. Halafu kicheko kikaisha, kikaja kimya, maana kila mmoja alikumbuka walichokuwa wamekusudia.

Nyanya alikuwa ameketi kando ya mlango. Akauliza tu, "Mimi nilikuwa navifagia kila siku. Nilidhani ni uchafu wa paka. Basi mlitaka kuniua kwa uchafu wa paka?"

Hakuna aliyemjibu. Nami sikutaka kumjibu kwa niaba ya wengine. Nikamwita kiongozi wa vijana aende akapige magoti mbele yake, akaenda. Wengine wakamfuata. Si wote. Kuna nyumba moja mpaka leo haimsalimu. Mtoto yule mgonjwa alipelekwa zahanati, akapimwa damu, ikaonekana ni malaria, akatibiwa na akapona. Wale makinda walikua, wakaruka, wakaenda zao. Na nyanya bado anafagia stoo.

3. NENO LINASEMA NINI JUU YA BUNDI?

Najua kuna mtu anasoma hapa na anasema moyoni, "Mchungaji, lakini bundi ni ndege mchafu, Biblia imesema." Vizuri. Tusome Biblia basi, tusiishie njiani.

Ni kweli, Walawi 11 inamweka bundi katika orodha ya ndege ambao Israeli hawakutakiwa kuwala. Kuwala, mpendwa. Ni habari ya sufuria hiyo, wala si ya mapepo. Katika orodha hiyo hiyo, mstari wa 15, yumo kunguru. Na ni ndege gani Mungu aliyemtuma kumpelekea nabii Eliya mkate na nyama kando ya kijito cha Kerithi? Fungua 1 Wafalme 17:4–6. Kunguru! Na Luka 12:24, Yesu alipotaka kutufundisha kumtegemea Mungu, alichagua ndege gani? Kunguru tena. Aliruka njiwa mpole na tausi mwenye madaha, akamchukua yule ambaye watu wa dini walimwepuka, akatuambia tumtafakari.

Wengine watanitajia Isaya 34, kwamba bundi yuko kwenye mji ulioharibiwa. Ni kweli yuko. Lakini endelea mpaka mstari wa 16 na 17. Utakuta Bwana mwenyewe ndiye aliyewakusanya viumbe hao, hakuna anayekosa mwenzake, na ni mkono wake uliowagawia makao. Hata kwenye magofu, bundi ni mpangaji aliyewekwa na Mwenye nyumba. Na Zaburi 102:6, mtu wa Mungu aliye katika maombi mazito anajifananisha mwenyewe na bundi wa mahali palipoachwa. Bundi angekuwa ni pepo, je, mtu anayemlilia Mungu angejiita hivyo?

Sasa geuza kurasa mpaka Kumbukumbu la Torati 18:10–12. Pale Mungu anawakataza watu wake kubashiri, kupiga ramli na kutafuta ishara za mambo yajayo. Sikiliza kwa makini. Mtu anayesema, "Bundi amelia juu ya nyumba, lazima kutakuwa na msiba," anafanya nini? Amesoma ishara. Amebashiri. Amemfanya ndege kuwa ramli yake. Tunadhani tunapigana na uganga, kumbe sisi wenyewe ndio tumekalia kiti cha mganga, tofauti yetu na yeye ni kwamba yeye anatumia kibuyu na sisi tunatumia bundi!

Uganga upo, na Neno linaukemea. Sijasimama hapa kuwaambia hakuna vita vya kiroho. Nawaambia, askari asiyemtambua adui atampiga risasi mwenzake. Karama ya kupambanua roho haikuwekwa ndani yako ili ufunge macho ya mwili. Roho Mtakatifu anaitwa Roho wa kweli, na hasumbuliwi na ngazi, wala na picha, wala na kipimo cha malaria.

4. NDEGE ANAJUA MAJIRA YAKE, HAJUI YAKO

"Lakini Mchungaji, bundi alilia kwetu, na baba akafa." Nakusikia, na pole sana. Sitacheka machozi ya mtu.

Ila fikiria nami. Nyumba yenye mgonjwa hailali. Taa inawaka usiku kucha, watu wako macho, kila sauti inasikika. Usiku mwingine wote ule ule bundi alikuwa akipita, nawe ulikuwa umelala usingizi mzito baada ya kazi za shamba. Hukumsikia kwa sababu hukuwa macho. Taa huvuta wadudu, makombo huvuta panya, na panya humvuta bundi. Anakuja kutafuta chakula cha watoto wake kama wewe unavyotoka asubuhi kutafuta chakula cha wako. Hana habari za kifo chako. Siku zako zimeandikwa kwa Mungu, Zaburi 139:16, na Mungu hakumpa bundi nakala.

Yeremia 8:7 inatuambia kwamba ndege wanajua majira yao ya kwenda na kurudi, lakini watu wa Mungu hawajui hukumu ya Bwana. Ukitaka kuuona mstari huo kwa macho, nenda Mida. Kuanzia kama Agosti na Septemba ndege wa pwani huwasili kutoka kaskazini ya mbali, wengine kutoka Siberia, na kama Aprili wanaanza kurudi. Kuna mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Yule hula kwetu Mida, lakini huenda kutaga katika fukwe za mchanga za Arabuni, na kiota chake ni shimo analolichimba mchangani. Hana kalenda, hana simu, lakini hakosi majira. Nani aliyemfundisha?

Basi ndege anajua majira yake. Yako hayajui. Ukitaka kujua habari zako, muulize aliyekuumba, usimuulize anayekula panya.

5. SHOMORO WA TANO

Katika Mathayo 10:29 Yesu anasema shomoro wawili walikuwa wakiuzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka 12:6, watano kwa sarafu mbili. Wafanyabiashara wetu wa sokoni, pigeni hesabu. Sarafu mbili ni shomoro wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni wa nyongeza. Ndiye yule unayetupiwa juu ya mzigo ili urudi tena kesho. Hana bei. Na Yesu anasema hata mmoja wao hakusahauliwa mbele za Mungu. Yaani hata yule wa bure.

Hapa Kilifi tuna ndege mmoja, mnana wa Clarke, wa manjano na mweusi, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kaunti yetu hii. Watu walimjua katika msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miaka mingi, lakini hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Kila mwaka alipotea kwa muda, halafu akarudi na watoto. Ni mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipoonekana, huko Dakatcha, kwenye majani ya bwawa linalojaa wakati wa mvua. Miaka yote hiyo wasomi walikuwa wakitafuta, na Baba wa mbinguni alikuwa ameshahesabu kila yai.

Na kuna bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake hauzidi upana wa kurasa mbili za gazeti hili dogo ukilifungua. Anaishi msitu huo wa Arabuko-Sokoke na sehemu za Usambara upande wa Tanzania. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuangalia ndege huyo! Wanawalipa vijana wetu wa hapa wawaongoze mpaka kwenye kichaka alipolala. Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya limekuwa likitumia mapato ya wageni kama hao, kupitia mpango ulioanza 2001, kuwasaidia karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na kando ya Mida. Kwa hiyo kuna mtoto aliyesomeshwa na bundi. Ndege tuliyemwita wa mauti anawalipia watoto karo.

Lakini nataka umwone shomoro wa tano kwa jicho lingine. Nyanya yule wa stoo, katika hesabu ya kijiji, alikuwa ni wa nyongeza. Mjane, mzee, hana mali, hana sauti kwenye kikao. Ukimwondoa, nani ataona pengo? Mungu ataona. Yeye hana mtu wa nyongeza. Na kama Mungu anamjua shomoro wa bure, wewe utawezaje kusema hujui jina la mjane anayefagia kanisa lako?

Nililiuliza kanisa lile swali hilo. Jina lake la ubatizo nani analijua? Watu wapatao sabini, mikono minne ikainuka. Mpendwa, tuliwajua majirani zetu kama tunavyowajua ndege, kwa mbali. Hapo ndipo uchawi wa kweli unapoanzia.

6. KWA WENYE KAMERA

Vijana, na ninyi wazee mliostaafu mnaotafuta kitu cha kufanya, ninawabariki katika hobi hii. Si lazima uwe na kamera kubwa. Anza na macho yako na daftari. Simu yako yaweza kubeba programu ya bure inayoitwa Merlin, ambayo husikiliza sauti ya ndege na kukupendekezea jina, nawe uhakikishe kwa macho. Kuna pia Kenya Bird Map, ambako watu wa kawaida hupeleka orodha ya ndege waliowaona katika eneo lao, ili ijulikane nani amepungua na nani amehama. Hiyo ni huduma ya ukweli.

Lakini shikeni maadili ya Neno. Kumbukumbu la Torati 22:6–7 inakataza kumchukua mama ndege pamoja na makinda yake. Mungu aliyeweka torati ya dhabihu na ya wafalme aliacha nafasi ya kiota kando ya njia! Kwa hiyo usimfukuze mama kwenye mayai ili upate picha nzuri. Usikate matawi yanayoficha kiota, maana mwewe naye ana macho. Usimchezee ndege sauti ya kurekodi mara kwa mara, ukamfanya ahangaike kumtafuta mpinzani asiyekuwapo. Usitangaze kwa kila mtu mahali bundi anapolala, kabla hujajua nani ana jiwe mkononi. Na tafadhali, Jumapili saa tatu asubuhi ndege wa Mida watakusubiri. Njoo ibadani kwanza.

WIKI HII FANYA HAYA

Kwanza, tii ile amri. Chagua asubuhi moja, kaa nje dakika kumi, mwangalie ndege mmoja mpaka uweze kumweleza mtu mwingine: mdomo wake, miguu yake, anachokula. Kisha mshukuru Baba anayemlisha.

Pili, ukisikia bundi usiku, usikemee jina la jirani. Liombee jina la Yesu litukuzwe, geuka upande wa pili, ulale. Asubuhi tafuta yale mavidonge yake chini ya mti, uwafumulie watoto wako waone mafuvu ya panya. Hofu iliyofumuliwa mchana hairudi usiku.

Tatu, mtafute shomoro wa tano wa mtaa wako. Yule mzee ambaye watu wanamnong'ona. Nenda nyumbani kwake, si peke yako, nenda na ushirika wenu wa nyumbani. Bebeni unga na sukari. Muulizeni jina lake, na mlitumie. Mzee anayetembelewa mchana na watu wa kanisa ni vigumu kuuawa usiku na watu wa kijiji.

TUOMBE

Baba, Wewe uliyewaleta ndege mbele ya Adamu, tufumbue macho yetu. Tusamehe kwa kila jina baya tulilompa mtu tukiwa mbali naye. Vunja hofu ya ishara ndani ya nyumba zetu, maana maisha yetu yako mkononi mwako, wala hayako kwenye mdomo wa ndege. Walinde wazee wetu usiku huu. Wape vijana wetu macho ya kutazama na ujasiri wa kupanda ngazi wakati wengine wanashika mawe. Na sisi tulio wa nyongeza machoni pa watu, tukumbushe kwamba kwako hakuna wa nyongeza. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba.

Amina.